Mwenye Chunjua wa Kibuta

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kisarawe, nilivaa kanzu iliyopigwa pasi na viatu vya kuazima, maana nilidhani ninakwenda kukaa mezani. Bwana Miti alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu. Bwana Miti ndilo jina tulilompa ofisa wa misitu wa serikali ya Mwingereza, na ofisa akibadilishwa, jina lilibaki kitini likimngoja mwingine. Huyu wa kwanza alikuwa mrefu, mwekundu wa shingo, na Kiswahili alikijua.

"Kondo, unaweza kupanda mti?"

"Ninaweza, Bwana."

"Na viatu hivyo?"

Nikavivua. Akanionyesha mti nyuma ya ofisi, akaniambia nimletee kipande chake. Nilipanda, nikashuka na jani moja zuri, la kijani, lisilotobolewa na mdudu. Nililibeba kwa mikono miwili nikampa.

"Umeniletea kidole," akasema. "Mtu anatambulikana kwa kidole? Niletee uso wake."

Hapo nikafundishwa somo la kwanza la kazi iliyonilisha mimi na watoto wangu mpaka nilipostaafu. Jani peke yake halitoshi. Sampuli, yaani kipande cha mti kinachohifadhiwa ili wataalamu wakitazame, lazima iwe na kitawi, majani yakiwa yamekaa vile yanavyokaa mtini, na ua au tunda. Ikikosa ua na tunda, hiyo ni kuni tu. Vijana wa leo mna vyombo vya kupigia picha, mnapiga mnaondoka. Sisi tulipanda.

Sampuli ikishakatwa, inatiwa kwenye presi. Presi yetu ilikuwa fremu mbili za fito zilizopigiliwa kama dirisha, katikati magazeti ya zamani, na mikanda ya ngozi ya kuzikaza. Kila asubuhi unafungua, unatoa gazeti lililolowa, unatia kavu, unakaza tena. Ukifanya uvivu siku moja ya masika, majani yanaota ukungu na kazi yote imekwenda na maji. Nasema bila aibu kwamba katika milima yote ya Kisarawe hapakuwa na mtu aliyekausha majani vizuri kama mimi. Sampuli zangu zilifika Ulaya zikiwa na rangi yake. Bwana Miti aliniambia hivyo mwenyewe, naye hakuwa mtu wa kusifu ovyo.

Baada ya kukausha, kuna jina. Kila mti ulikuwa na majina mawili ya Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, ambayo haina tena mtu wa kuamkia nayo nyumbani kwake. Jina la kwanza ni la ukoo. La pili, mara nyingi, ni sifa: mrefu, mweupe, wa pwani, wenye miiba. Karani Mkuu, mtu wa Bagamoyo aliyekuwa na miwani na maneno mengi, alinicheka aliponikuta nikiyasoma kwa sauti.

"Kondo, Mzaramo wewe, Kilatini cha nini? Unataka kuwa padri?"

"Nataka kujua ninachokibandika, Karani."

"Haya bwana. Ukianza kubatiza watu, usianze na mimi."

Sifa ya kwanza niliyoifahamu mpaka ndani ni ya mti wetu wenyewe, msandarusi. Ninyi mliozaliwa juzi huenda hamuujui. Utomvu wake ndio sandarusi, ile ambayo babu zetu waliichimba ardhini katika nchi hii yote ya Uzaramo na kuwauzia wageni wa kutengeneza vanishi. Majani yake hukaa mawili mawili, pacha kwa pacha. Tunda lake ni ganda la kahawia, dogo la kutosha kufumbatwa, na juu yake limejaa vipele vigumu. Jina lake katika vitabu vya wakati ule lilikuwa Trachylobium verrucosum.

Bwana Miti alinieleza tukiwa tunabadilisha magazeti. Verruca ni chunjua, hii inayoota mkononi au usoni. Akasema wazee wa Kirumi walikuwa wakikiita kwa neno hilohilo hata kilima, mahali palipoinuka penyewe. Nikapenda hapo, kwa sababu sisi tulikuwa tumekaa juu ya kilima. Ukilitia neno hilo mkia wa -osus, maana yake inakuwa "aliyejaa", basi verrucosus ni aliyejaa chunjua. Akaniambia Warumi walikuwa na jemadari mmoja mkubwa waliyembandika jina hilo kwa chunjua ya mdomoni, na jemadari hakukasirika.

"Sasa hapa ndipo Wazungu wenzangu wanapolia shuleni," akasema. "Neno hili halitulii. Likifuata jina la kiume, linaitwa verrucosus. La kike, verrucosa. Jina lisilo la kiume wala la kike, verrucosum. Trachylobium ni la hilo kundi la tatu."

"Ni hayo tu, Bwana?"

"Hayo tu? Mimi nilipigwa viboko kwa hayo!"

Nikamwambia, kwetu mtoto anayetambaa anayajua. Mti mkubwa, kiti kikubwa, jani kubwa, miti mikubwa. Sifa ni mgeni, inavaa nguo ya mwenyeji wake. Warumi wana makundi matatu, sisi tunayo mengi zaidi, na hakuna aliyepigwa kiboko. Bwana Miti aliweka gazeti chini akacheka mpaka shingo ikazidi kuwa nyekundu. Tangu siku hiyo alinifundisha kama anayefundisha mdogo wake. Wingi wake: verrucosi, verrucosae, verrucosa. Ukitaka kusema "gome la msandarusi", mikia yote miwili inageuka, Trachylobii verrucosi. Niliyaimba hayo nikipanda milima, nikayaimba nikishuka, na mke wangu alidhani ni uradi wa tarika mpya.

Baadaye nikahamishiwa upande wa Kibaha, kwenye misitu ya Ruvu, chini ya Bwana Miti Msaidizi. Huyo hakupenda majani wala Kilatini, alipenda kuni. Gari moshi la wakati ule lilikula kuni, na kazi yetu ilikuwa kulilisha bila kumaliza msitu. Pale nilijifunza kupima mti kifuani, yaani kuuzungushia kamba ya kipimo kwenye kimo cha kifua cha mtu mzima, na kujua kwa kuutazama tu utatoa mbao au utatoa moshi. Zegereni, hukohuko Kibaha, yote ilikuwa pori, nyati wanapita. Leo nikiambiwa pana viwanda nabaki kucheka, maana mahali ambapo mimi nilikimbia nyati, watu wanakimbilia zamu. Kazi niliifanya kwa bidii, wala simsemi vibaya mkubwa wangu yule, lakini moyo wangu ulikuwa umebaki Kisarawe kwenye presi.

Bwana Miti wa Kisarawe akaniita nirudi. Nilirudi na cheo, nimevaa kofia yenye beji, na viatu safari hii vilikuwa vyangu. Kumbe nilikuwa nimeitiwa mtihani.

Mkandarasi mmoja wa mbao alikuwa amepewa kibali cha kukata miti mikubwa katika kipande cha milima ya Kibuta. Kazi yangu ilikuwa kutangulia na kopo la rangi. Mti wa kukatwa ninautia rangi nyekundu. Mti wa mbegu, ule unaoachwa usimame ili uzae wengine, ninautia chokaa. Nyapara wa wakataji alinifuata nyuma, mtu mfupi mwenye haraka, na siku ya kwanza tu akanionyesha mti mmoja juu ya kilima. "Ule, Bwana Kondo. Nautaka ule. Ule peke yake ni kazi ya wiki."

Nilikuwa nikiujua mti ule kabla sijajua kusema. Ulikuwa msandarusi mkubwa kuliko yote ya Kibuta, na ulikuwa mti wa tambiko wa upande wa mama yangu. Mvua ikichelewa, au ugonjwa ukizidi, watu walikusanyika hapo, wakasoma fatiha, wakamwaga unga wa mtama shinani. Mtunzaji wake alikuwa mjomba wangu, Mzee Chaurembo. Kwetu sisi, mjomba ndiye mwenye kauli. Baba anakulea, mjomba anakuamuru. Hakuna aliyeruhusiwa kuvunja hata kitawi cha mti ule. Kilichodondoka chenyewe ni halali ya aliyekiokota.

Niliogopa, nakwambieni kweli. Nikiutia rangi nyekundu, nimekata mguu wangu kwa mama. Nikiutia chokaa kwa amri yangu, nyapara atasema Kondo amependelea ukoo wake, na beji itavuliwa. Sikutia rangi yoyote. Nikarudi Kisarawe nikamweleza Bwana Miti yote, bila kuficha kwamba mtunzaji ni mjomba wangu.

Alikuna shingo. "Kibali nimekwisha kukitia sahihi, Kondo. Miti ya mbegu naweza kuchagua, lakini lazima niwe na sababu. Mti wenyewe ni mzee, huenda hauzai tena. Twende tukautazame."

Tulilala kambini chini ya kilima, tukapanda Kibuta asubuhi. Tulimkuta mjomba amekwisha fika, na wanawake wa ukoo, na nusu ya kijiji, kwa maana habari hazihitaji viatu. Nyapara naye alikuwepo na wakataji wake, vijana wa Marui na wa hapohapo Kibuta, wameegemea mashoka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekuja na kopo?"

"Nimekuja na Bwana Miti, mjomba."

"Naona. Na kopo naliona."

Bwana Miti alimwamkia vizuri, akauzunguka mti akitazama juu. Aliinua mkono alivute tawi moja la chini. Mjomba akakohoa. Nikamnong'oneza Bwana habari ya vilivyodondoka. Akainama, akapekua majani makavu, akaokota tunda. Lilikuwa jipya, la mwaka uleule, zito. Akaligeuza, akapapasa vipele vyake kwa kidole gumba, uso ukamng'aa. Mti ulikuwa unazaa! Akaliinua juu watu wote walione, akasema kwa sauti kubwa, kama anayeita mtu aliye ng'ambo ya bonde:

"Trachylobium verrucosum!"

Mjomba akanigeukia.

"Amesema nini?"

"Ametaja jina la mti, mjomba. Kwa Kilatini."

"Maana yake?"

"Ukoo wake, halafu sifa. Sifa ni mwenye chunjua nyingi."

Mjomba alikuwa na chunjua ubavuni mwa pua, kubwa, ambayo sisi watoto tulikatazwa kuitazama. Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka pale. Nikadhani tumeharibikiwa. Kumbe anacheka.

"Mwenye chunjua," akasema. "Kamwona vizuri. Na kalitaja mbele ya watu?"

"Umesikia mwenyewe, mjomba."

"Nimesikia. Nanyi mmesikia?" akawauliza wanawake. Wakaitikia wamesikia, na mmoja, sijui nani alimtuma, akapiga kigelegele. Wengine wakampokea.

Hapa lazima niwaeleze. Kwetu mtu hamtaji mtoto jina mbele ya watu akaenda zake. Ukimpa mtoto jina, wewe ni mzazi wake wa pili. Unapeleka nguo nyeupe, na tangu siku hiyo aliyempiga kakupiga wewe. Mjomba alikuwa ameona mgeni anamshika mtoto wao, anamtazama usoni, anamtaja jina kwa sauti. Yeye alijua maana moja tu ya jambo hilo.

"Mwambie Bwana Miti," akasema, "tumekubali. Alete nguo."

Nilimfasiria neno kwa neno. Bwana Miti akashangaa. "Lakini si mimi niliyempa jina, Kondo. Walimpa watu wa Ulaya, zamani, kabla babu yangu hajazaliwa. Mweleze."

Nikamweleza mjomba vilevile, sikupunguza wala sikuongeza.

"Hao watu wa Ulaya walifika hapa?"

"Hapana," akasema Bwana Miti.

"Walimwona?"

"Waliona majani yaliyokaushwa. Na matunda. Ya msandarusi mwingine."

"Basi walimpa jina mtoto wa watu wengine," mjomba akasema. "Huyu hawakumshika. Umemshika wewe. Umemtaja wewe. Kama hukutaka kuwa mzazi wake, ungemnong'oneza."

Mpaka leo sijui kama mjomba alikosea, au alikosea makusudi. Nilimuuliza mara nyingi kabla hajafa, akawa ananiuliza habari za watoto. Ninachojua ni kwamba Bwana Miti alisimama pale na tunda mkononi, akamtazama mjomba, akautazama mti, akatazama kopo langu la rangi. Kisha akamtuma mpishi wake chini kambini akalete kitambaa cheupe cha meza ya chakula. Kililetwa. Akakifunga shinani kwa mikono yake mwenyewe, fundo baya la Kizungu, mjomba akalifungua akalifunga upya. Ikasomwa fatiha. Bwana Miti alivua kofia.

Nyapara hakukata tamaa. Kesho yake, sisi tukiwa tumekwisha teremka, aliwaamuru vijana waanze na mti ule. Vijana wakaweka mashoka chini. "Huyo ana mzazi," wakamwambia. "Kata wewe." Nyapara akaja mbio mpaka Kisarawe, akamwaga malalamiko mbele ya Karani Mkuu, kwamba kibali ni kibali na kwamba mti wenyewe haukutiwa chokaa. Karani akamwingiza kwa Bwana Miti. Mimi nilikuwa pembeni nabadilisha magazeti, na kwa kutega sikio nikapasua moja.

"Mti ule unazaa," Bwana Miti akamwambia, "kwa hiyo ni mti wa mbegu, na kuchagua miti ya mbegu ni kazi yangu. Kondo atautia chokaa leo." Nyapara akafungua mdomo. Bwana Miti akainua mkono. "Na tena, mimi ni baba yake."

Karani Mkuu aliingia nyuma ya kabati, akabaki huko mpaka alipomaliza kucheka. Mimi nilipanda Kibuta na ndoo ya chokaa, nikiimba: verrucosus, verrucosa, verrucosum. Furaha niliyokuwa nayo siku ile sijaipata tena, hata siku ya harusi yangu, na mke wangu anisamehe.

Bwana Miti alipeleka kitambaa kila mwaka mpaka alipoitwa kwao. Siku ya kuondoka aliniachia presi yake, ile yenye mikanda mizuri, na jora la bafta, kitambaa cheupe cha pamba. "Sasa wewe ndiye baba, Kondo," akasema. "Umwite kwa jina lake, usije ukalikosea mkia." Nililia, naye aligeuka akajifanya anahesabu masanduku. Mabwana Miti waliomfuata niliwatumikia wote kwa heshima, na kila mmoja nilimwonyesha ule mti wenye chokaa. Hakuna aliyeugusa.

Nikastaafu. Bendera ikabadilika, ofisi ikabadilika, bafta nikaendelea kuipeleka mwenyewe. Lakini magoti yangu nayo ni watumishi wa zamani, yanataka kustaafu. Watoto wangu wako mbali na wana shughuli zao, siwalaumu. Mwaka huu nilikaa nikiitazama bafta nikijiuliza nani ataipandisha kilimani nikishafukiwa. Mti usio na mzazi, siku hizi za mkaa, haumalizi masika mawili.

Ndipo akaja kijana mmoja wa misitu, msomi, mwenye adabu, ametumwa kuandika habari za miti mikubwa iliyobaki. Alikaa barazani kwangu, akanywa chai, akaniambia kwa upole kama anayeleta habari za msiba: "Mzee, lile jina mlilokuwa mkitumia limeachwa. Wataalamu wamemhamisha ukoo. Siku hizi ni Hymenaea."

Moyo ulinipasuka pa! "Na sifa yake?" nikauliza. "Sifa nayo wameiondoa?"

"Sifa imebaki, mzee. Ila Hymenaea ni jina la kike, kwa hiyo—"

"Verrucosa," nikasema.

Akaweka kikombe chini. Nami nikacheka mpaka nikakohoa. Wamembadilisha ukoo, wamembadilisha nguo, lakini chunjua zake hakuna aliyeweza kuzikataa. Nikamwambia anishike mkono, twende.

Tulipanda polepole. Juu tulimkuta Bi Mwanaidi, mpwa mwenzangu aliyeachiwa utunzaji na mjomba, akifagia chini ya mti pamoja na wanawake wa ukoo. Kijana akaamkia wote vizuri. Akaokota tunda, lilikuwepo, mti bado unazaa. Akalipapasa kwa kidole gumba. Nami nikamwambia, kwa sauti ya mzee asiyesikia vizuri, ingawa masikio yangu hayana neno:

"Hebu wasomee, mwanangu. Jina jipya. Kwa sauti, na wao wasikie."

Akalisoma. Kwa sauti nzuri, ya msomi, akiliinua tunda juu: "Hymenaea verrucosa!"

Bi Mwanaidi akasimamisha ufagio. Akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Umempa jina?"

"Ndiyo, bibi," akasema kijana, mwenyewe anatabasamu. "Ndilo jina lake sasa."

Kigelegele kikapigwa. Wengine wakakipokea, kikashuka mpaka bondeni. Kijana akanigeukia, macho yamemtoka.

"Mzee, kuna nini? Nimefanya nini?"

Nilimshika bega, kwa maana lilikuwa bega changa, lenye nguvu, la kuweza kilima kile kwa miaka mingi.

"Hongera, mwanangu," nikamwambia. "Bafta inauzwa Kisarawe mjini. Nyeupe, isiyo na maua."